Sura ya 7: Gia Iliyo Nje ya Giaboksi

Ubavuni mwa tairi la pikapu kama Toyota Hilux mara nyingi utakuta maandishi haya: 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mwenye kalamu na karatasi anaweza kuyapata mengine yote: ubavu una milimita 172, rimu ina milimita 432, hivyo tairi zima lina kipenyo cha milimita 776, na kila linapozunguka mara moja gari husogea takribani mita 2.44. Sasa mwenye gari anafika dukani na kuvutiwa na tairi pana la kashata, yaani lenye vipande virefu vya mpira, la 285/70R17, ambalo linaingia kwenye rimu ya ukubwa uleule. Kipenyo chake ni milimita 831, na mzunguko wake mmoja ni mita 2.61. Tofauti ni asilimia 7. Kwa macho, gari lina matairi yaliyozidi kimo kwa vidole vitatu tu. Kwa hesabu ya mitambo, mwenye gari amebadilisha gia bila kufungua giaboksi, kwa sababu tairi ndilo gia ya mwisho ya gari. Karibu kila lalamiko linalofuata baadaye, kuanzia mafuta hadi breki, linaeleweka vizuri ukilianzia hapo.

Tuifuate nguvu tangu inapotoka. Injini huzungusha giaboksi, giaboksi huzungusha propela, na propela huingia kwenye difu, lile tufe la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani ya difu kasi hupunguzwa kwa mara ya mwisho. Tuseme uwiano wake ni 3.9: propela huzunguka mara 3.9 ili ekseli izunguke mara moja. Baada ya hapo hakuna meno tena, lakini hesabu haijaisha, maana bado kuna umbali kutoka katikati ya ekseli hadi lami. Fundi anayefungua nati iliyokaza hushika spana mwishoni mwa mpini, kwa kuwa mpini mrefu humwongezea nguvu. Kwenye tairi hesabu hiyo hugeuka: nguvu huingia katikati na kazi hufanyika pembeni, kwa hiyo umbali ukiongezeka, msukumo unaofika barabarani hupungua. Tairi likizidi kwa asilimia 7, msukumo hushuka kwa asilimia 6 na nusu katika kila gia, ya kwanza hadi ya mwisho. Ni sawasawa na kung'oa difu ya 3.9 na kufunga ya 3.64. Fundi angependekeza kazi hiyo kwa pikapu inayobeba mzigo, mwenye gari angemuuliza kama yu timamu. Dukani, kazi ileile inanunuliwa kwa furaha kwa sababu imekuja na sura ya tairi.

Mahali pa kuiona vizuri ni mlimani. Pikapu yenye tani moja nyuma inapopanda Kitonga, kwenye barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, dereva wake huwa amezoea gia fulani inayoweza kuuvuta mlima bila injini kuchoka. Kwa matairi makubwa gia ileile huanza kuzimia katikati ya kona, dereva anarudi chini gia moja, na sasa injini inanguruma kwa mizunguko mingi huku gari likienda polepole. Gia iliyokuwa inamfaa imepotea katikati ya mbili. Kwenye gari la otomatiki, giaboksi yenyewe hufanya mashaka hayo kwa niaba ya dereva: inapanda gia, inashindwa, inashuka, inapanda tena. Kwenye gari la klachi, gharama hujificha mahali pengine. Kila mara gari linapoondoka kwenye mwinuko, klachi hulazimika kuteleza muda mrefu zaidi kabla ya kushika, na klachi inayoteleza inajila. Kushuka nako kuna hatari ambayo haitajwi sana. Madereva wazoefu husema mlima hushukwa kwa gia iliyoupanda, ili injini ilizuie gari na breki zipumzike. Tairi kubwa hupunguza kizuizi hicho kwa kiasi kilekile linachopunguza msukumo, na deni lote hubebwa na breki.

Breki nazo zimepokea mzigo huo zikiwa zimekwisha dhoofishwa. Diski na pedi hazikubadilika ukubwa, lakini zinashika kitu chenye mkono mrefu zaidi. Kwa mguu uleule kwenye pedali, nguvu ya kusimamisha inayofika barabarani imepungua kwa asilimia 6 na nusu. Atakayesema kwamba dereva anaweza kukanyaga zaidi hajakosea; katika breki ya ghafla, mshiko wa tairi na barabara ndio unaoamua umbali wa kusimama, na mfumo wa ABS hufanya kazi yake. Tatizo liko kwenye breki za kawaida zinazorudiwa mara mia kwenye mteremko mrefu, ambako joto hujikusanya kidogo kidogo hadi pedali inakuwa laini kama sifongo.

Tugeukie mafuta, ambako kuna maneno mengi na hesabu chache. Mwenye gari hujaza tangi, anasafiri, anajaza tena, kisha anagawanya lita kwa kilomita za kwenye dashibodi. Kosa liko kwenye kilomita hizo. Gari halipimi barabara. Linahesabu mizunguko na kuizidisha kwa kipimo cha tairi la kiwandani. Tuseme safari ya kilomita 500 kwenye dashibodi imekula lita 60. Inaonekana ni lita 12 kwa kila kilomita 100, na kama zamani ilikuwa lita 10.5, mwenye gari atalia kwamba ulaji umepanda kwa asilimia 14. Lakini gari limesafiri kilomita 535 kweli, hivyo ulaji halisi ni lita 11.2, na ongezeko ni kama asilimia 7. Nusu ya hasara ilikuwa makosa ya kuhesabu. Ndiyo maana wapo watetezi wa matairi makubwa wanaosema hasara ni ya kwenye karatasi tu. Nusu ya maneno yao ni kweli. Nusu iliyobaki bado inalipiwa kituo cha mafuta.

Ushahidi mzuri wa nusu hiyo unatoka Marekani, kwa sababu huko gari moja limewahi kupimwa likiwa na matairi ya aina mbili. Ford F-150 Raptor ya 2021 iliuzwa ikiwa na matairi ya inchi 35, na kwa mnunuzi aliyetaka, ya inchi 37. Injini ni ileile. Katika takwimu rasmi za nchi hiyo, gari lenye inchi 35 lilipewa maili 16 kwa galoni kwa wastani wa mjini na barabara kuu, na lile la inchi 37 maili 15. Kwa vipimo vyetu ni kutoka lita 14.7 hadi 15.7 kwa kilomita 100. Kwa barabara kuu peke yake pengo lilikuwa kubwa zaidi: kutoka maili 18 hadi 16, yaani lita 13.1 hadi 14.7. Na hili ni gari lililosanifiwa na kiwanda, spidi yake ikiwa imerekebishwa, si kazi ya gereji ya mtaani.

Takwimu hizo zinajibu hoja inayosikika kila mahali: kwamba tairi kubwa huzungusha injini polepole, na injini inayozunguka polepole hula kidogo. Hoja ina mantiki yake. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika kwenye spidi fulani itazunguka takribani mara 1,870, na injini isiyo na mzigo mkubwa hunufaika na utulivu huo. Ingekuwa hivyo tu, barabara kuu ndiyo ingekuwa mahali pa kuokoa mafuta. Lakini gari halikuongezewa kipenyo peke yake. Limeinuka, limepanuka, na upepo mwingi zaidi sasa unapita chini ya sakafu na kugonga ekseli, springi na matairi yenyewe. Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa spidi. Hapo tena mshale wa dashibodi unamdanganya dereva: anayeona 100 anakwenda 107, na kwa tofauti hiyo ndogo upepo anaopambana nao umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 14. Ni kweli kwamba kanuni za kimataifa za mita za spidi hazikubali mshale uonyeshe pungufu ya spidi halisi, kwa hiyo viwanda huufanya uzidishe kidogo, na akiba hiyo inaweza kumeza sehemu ya kosa. Kutegemea akiba usiyoijua ukubwa wake, kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa lenye watoto wa shule, ni kucheza bahati nasibu.

Yako mambo mawili ambayo hulaumiwa pamoja na kipenyo ingawa si kosa lake. La kwanza ni kashata. Tairi linapobiringika hubonyea na kurudi, na kila kubonyea hula nguvu. Vipande virefu vya mpira na ubavu mgumu wa tairi la matope hula zaidi. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya 2006 ilieleza kwamba kupunguza ukinzani wa kubiringika kwa asilimia 10 huokoa mafuta kwa asilimia 1 hadi 2, na kinyume chake hulipwa vivyo hivyo. Tena, mambo mengine yakilingana, tairi refu hubiringika kwa wepesi kidogo kuliko fupi. Kwa hiyo mwenye haja ya urefu tu angeweza kuupata bila kashata nene. La pili ni uzito. Tairi la kashata lililoimarishwa laweza kuzidi la kawaida kwa kilo 8 au 9, na kwa kuwa uzito huo uko pembeni, injini huusikia karibu mara mbili wakati wa kuongeza mwendo. Hata hivyo, kwa matairi manne hiyo ni sawa na kumbeba abiria mmoja wa ziada kwenye gari la tani mbili. Uzito huo hauelezi kwa nini gari limekuwa zito kwenye mlima. Athari yake kubwa ni kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, ambako shokapu zilizopangiwa tairi jepesi hushindwa kulituliza lile zito, na gari linarukaruka badala ya kushika njia. Rimu zilizotokeza nje huongeza shida nyingine, kwani usukani huvutwa na kila shimo na beringi huchakaa mapema.

Hoja nzito kuliko zote ni ya barabara zetu. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, hesabu za lita huwa hazina maana kwa aliyekwama. Na ni kweli kwamba kuinua springi huinua bodi peke yake. Kinachoweza kuiinua difu, sehemu inayogonga mawe na kukalia matuta, ni tairi refu tu. Lakini tuweke kipimo. Difu huinuka kwa nusu ya ongezeko la kipenyo, yaani milimita 27 katika mfano wetu. Kwenye mchanga, kushusha upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 20 husaidia zaidi ya hapo, na ni bure. Tuangalie pia magari ambayo porini ndiko kazini kwao. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zimefanya kazi Afrika kwa miaka mingi juu ya matairi ya 7.50R16, ambayo ni marefu kiasi lakini membamba. Wembamba huo hukata tope hadi kwenye udongo mgumu na hauusumbui upepo. Zaidi ya yote, tairi hilo halikuongezwa baadaye. Difu, breki na springi za gari zilipigiwa hesabu pamoja nalo.

Hapo ndipo penye jibu kwa anayehitaji tairi kubwa kweli. Ford ilipolirudisha gari lake la porini, Bronco, na kuliwekea matairi ya inchi 35 katika kifurushi cha Sasquatch, iliyafunga pamoja na difu ya 4.7, springi za juu na mabawa mapana. Kwa pikapu yetu ya 3.9, difu ya 4.1 ingerudisha sehemu kubwa ya msukumo uliopotea, na kwa gari la magurudumu manne ni lazima ibadilishwe ya mbele na ya nyuma, la sivyo ekseli mbili zitavutana. Kurekebisha mshale wa spidi kwa kompyuta ni vizuri, lakini kunatibu namba na kuiacha gia ilivyo. Asiyekuwa na bajeti ya difu anaweza kuchagua tairi lililozidi kwa asilimia 2 au 3 tu, ambalo gari hulivumilia bila manung'uniko. Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu: chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine ardhini chini yake, sukuma gari taratibu hadi mstari urudi chini, kisha pima umbali kwa futikamba. Fanya hivyo kwa tairi la zamani na kwa lile jipya kabla hujalipa yote manne. Muuzaji atakuuliza ukubwa wa rimu. Wewe muulize fundi wako difu ya gari ni ngapi, kwa kuwa umekuja kununua gia.