Plagini za Kuchanganya Sauti ya Mwimbaji
Plagini ni programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia muziki. Kwa studio ya nyumbani, nne zinatosha kuanzia. Ikwalaiza huondoa mivumo iliyo chini ya takriban hezi 80. Kompresa hupunguza tofauti kati ya maneno yanayonong'onwa na yanayopazwa. Uwiano wa 3:1 ni mwanzo mzuri. Di-esa hutuliza ukali wa "s", ambao mara nyingi huwa kati ya kilohezi 5 na 8. Riverbu huipa sauti upana wa ukumbi. Programu ya kurekodia ya REAPER huja na ikwalaiza ya ReaEQ na kompresa ya ReaComp, hivyo ni busara kuzizoea kabla ya kununua nyingine. Mwangwi wa chumba kitupu, hata hivyo, ni vigumu kuufuta baadaye. Huzuiwa wakati wa kurekodi, kwa mapazia mazito na kusogeza maikrofoni karibu na mdomo.