Je, Wajua? Bunduki ya Upepo Hufa kwa Mafuta Mengi

Katika mashamba ya Uingereza, panya wa ghalani na kindi wa kijivu hupunguzwa kwa bunduki ya upepo, ile isiyotumia baruti. Kuitunza si kazi ngumu, ila wengi huiharibu kwa kuitunza kupita kiasi. Kabla ya kushika tambara, hakikisha haina risasi wala haijakokiwa. Kisha soma.

Je, wajua kwamba…

…mtutu wake hauna masizi? Hakuna baruti inayoungua, hivyo hakuna moshi wala mabaki ya kutafuna chuma. Kinachobaki ndani ni utando mwembamba wa madini ya risasi. Mafundi huusafisha mtutu pale tu risasi zinapoanza kutawanyika kwenye shabaha, si kila jioni.

…mtutu uliotoka kusafishwa unaweza kukosa shabaha? Utando ule ukiondoka, risasi kadhaa za mwanzo huenda ovyo mpaka mwingine ujijenge. Zipige kwenye karatasi, si kwa mnyama.

…brashi ya chuma haifai hapa? Chukua kipande kidogo cha kitambaa, kifunge kwenye uzi mnene wa nailoni, kisha kivute kutoka nyuma, risasi inakoingilia, hadi mdomoni. Cha kwanza hutoka cheusi, kinachofuata kijivu. Kikitoka cheupe, acha. Mdomo wa mtutu ukichubuka hata kidogo, risasi huyumba inapotoka.

…mafuta ya kawaida yanaweza kulipuka ndani yake? Katika bunduki ya springi, pistoni hubana hewa ghafla mpaka iwe ya moto sana. Tone la mafuta hayo likiwa humo huwaka kama ndani ya injini ya dizeli. Utasikia mlio mkali, utaona moshi mdomoni na kunusa harufu ya kuungua. Sili ya pistoni huumia, springi nayo huumia.

…ndiyo maana kuna mafuta ya silikoni? Hayashiki moto upesi, kwa hiyo hutumika kwenye sili. Hata hivyo, ni mepesi mno kwa chuma kinachosuguana na chuma. Springi na maungio hupakwa grisi maalumu, tena kidogo.

…kufyatua bila risasi ni kosa kubwa? Risasi ndiyo inayozuia hewa mbele ya pistoni na kuipunguzia kasi. Isipokuwepo, pistoni hujigonga mwisho wa silinda kwa nguvu zote.

…karatasi ya chooni ni kifaa cha ukaguzi? Lenga mahali salama, weka risasi, kisha laza ukanda wa karatasi hiyo juu ya pale mtutu unapokunjikia. Fyatua. Karatasi ikiruka, hewa inavuja na sili ya hapo imechoka. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

…bunduki ya springi hurusha teke pande mbili? Hurudi nyuma, kisha husukumwa mbele pistoni inapofika mwisho. Mtikisiko huo hulegeza skrubu za kitako na kuvunja darubini isiyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuzikaza skrubu hizo kwa bisibisi inayozikaa sawasawa huokoa risasi nyingi.

…haifai kulazwa ikiwa imekokiwa? Springi iliyobanwa usiku kucha hupungua nguvu. Wakati wa kutia risasi, shikilia mtutu au wenzo wa kukokia kwa mkono mmoja. Ukifyatuka bila kutarajiwa, vidole ndivyo vinavyolipa.

…jeshi la Austria liliwahi kupigana kwa bunduki ya upepo? Ni ile ya Girardoni, iliyoanza kutumika miaka ya 1780. Ilibeba risasi zipatazo 20, na tangi lake lilihitaji kupigwa pampu kama mara 1,500. Matunzo yake yalikuwa kero: sili za ngozi zilipaswa kubaki na unyevu, la sivyo hewa ilivuja. Wavumbuzi Lewis na Clark walibeba bunduki ya upepo katika safari yao ya kuvuka Marekani, 1803 hadi 1806.

…bunduki za tangi za leo hubeba hewa ya baa 200 hivi? Tairi la gari dogo hubeba baa 2 hadi 3. Kwa hiyo hakuna kufungua kitu kabla ya kutoa hewa yote. Hewa ya kujazia iwe kavu, maana unyevu huleta kutu ndani. Oksijeni usiitie kamwe: ikikutana na mafuta kwa mgandamizo huo, hulipuka.

…kuweka springi yenye nguvu zaidi kunaweza kukuingiza mahakamani? England na Wales, bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16, huhitaji cheti cha silaha. Ujerumani, mpaka wa kumiliki bila kibali ni jouli 7.5. Uskoti hudai cheti hata kwa zilizo chini ya futi-pauni 12, tangu mwisho wa 2016.

…jasho la kiganja huleta kutu? Lina chumvi. Baada ya matumizi, pangusa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa nje tu. Usiihifadhi ndani ya mfuko wenye unyevu.

…kunawa mikono ni sehemu ya matunzo? Madini ya risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Usile huku unatia risasi. Mzoga wa panya ushike kwa glavu: panya hueneza leptospira, bakteria wa homa ya mgunda iliyozuka Lindi, Tanzania, mwaka 2022. Uzike, kwa kuwa ndege wala mizoga humeza risasi iliyomo.

…risasi iliyobonyea haifai? Sketi yake nyembamba ya nyuma ndiyo inayojaza mtutu na kuzuia hewa isipite. Ikipinda, shabaha imekwenda. Zihifadhi ndani ya kopo lake, si mfukoni pamoja na funguo.

Bunduki isiyotunzwa hujeruhi badala ya kuua, na panya aliyejeruhiwa huenda kufia ukutani polepole. Kama huna hakika na shabaha yako leo, iweke chini. Na popote ulipo Afrika Mashariki, waulize polisi kuhusu kibali kabla hujanunua yoyote: kutotumia baruti hakuifanyi kuwa toi.