Je, Wajua Jinsi Jina la Kanga Linavyopangwa?

Katika maduka ya nguo ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kanga na vitenge huning'inizwa pamoja, lakini wateja hawavikagui kwa namna moja. Kitenge hushikwa, husuguliwa kidogo kuona kama kitachuja, kisha bei huulizwa. Kanga hukunjuliwa, na macho ya mama anayenunua hushuka hadi kwenye mstari wa maandishi. Maneno yasipompendeza, doti, yaani vipande viwili vya kanga, hurudishwa kwenye rafu hata kama rangi zake zinavutia.

Mstari huo unastahili kutazamwa na kila anayepanga herufi kwa riziki: mchora mabango, mtengeneza kadi za harusi, au kijana anayebandika maneno nyuma ya bajaji. Kanga ni miongoni mwa kazi za usanifu zilizokomaa zaidi Afrika Mashariki, na inauzwa sokoni kila siku.

Kipande kimoja kina urefu wa takriban sentimita 150 na kimo cha 110. Kina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyo ndani ya kisanduku chembamba juu kidogo ya pindo la chini. Jina huwekwa katikati kwa sababu ya mwili. Mvaaji akijifunga kanga kiunoni ili katikati ya kitambaa ikae nyuma, maneno hutokeza yakiwa yamenyooka, na anayemfuata njiani huyasoma bila kumsimamisha.

Muundo huo ulijengwa taratibu. Inasimuliwa kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua leso zilizochapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakazikata sita sita na kuziunga tatu kwa mbili kupata vazi moja. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeshika, wakaagiza kitambaa kizima. Maneno yalifuata baadaye. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kuchapisha misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kiswahili cha kanga za mwanzo kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kilatini. Viwanda vya Ulaya, India na Japani vilichapa kwa ajili ya soko hili, na mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam.

Sasa tazama herufi zenyewe. Karibu zote ni kubwa, nene na zisizo na mapambo nchani. Herufi ndogo kama g, p na y zina mikia, na b, d na k zina vichwa. Kwenye kisanduku chembamba, mikia na vichwa hivyo vingelazimisha maneno yawe madogo zaidi. Herufi kubwa zina kimo kimoja, hivyo hujaza nafasi yote. Unene nao una kazi yake: rangi husambaa kidogo kwenye uzi wa pamba, na mistari myembamba ingevurugika au kupotea.

Chukua msemo maarufu wa kanga: WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Una herufi 31, na 16 kati yake ni irabu. A pekee zimo tisa. A huanza na ncha juu na kupanuka chini, ilhali W ni pana juu na nyembamba chini. Katika maandishi ya kubana kama haya, mpangaji makini huisogeza A karibu na W ili nafasi zionekane sawa kwa jicho, hata kama rula inasema vingine. Asipofanya hivyo, neno huonekana kama limeachana katikati. Mwandishi wa Kiswahili hukutana na WA kila mara, kwenye "watu", "watoto" na "wageni", kwa hiyo anayeandika bango la duka Mwanjelwa ana shida ileile na suluhisho lilelile.

Rangi nazo hupangwa kwa hesabu. Kila rangi huhitaji skrini yake ya kuchapia, na kila skrini ni gharama. Ndiyo maana jina kwa kawaida huazima rangi iliyokwisha kutumika kwenye pindo au mji, likaonekana la familia moja na kitambaa kizima.

Tofauti ya kanga na kitenge huonekana zaidi wakati wa kukata. Kitenge hakina jina wala fremu. Nakshi yake hujirudia, na fundi hukikata popote gauni linapohitaji. Doti ya kanga huuzwa vipande viwili vikiwa vimeshikana, na mahali pa kuvitenganisha ni pamoja tu. Fundi cherehani hukata baina ya mapindo mawili, kisha hupinda ncha zilizokatwa. Kingo ndefu za juu na chini hazihitaji uzi, kwa kuwa ni kingo za jora lenyewe. Mkasi ukienda upande, pindo la kushoto huwa jembamba kuliko la kulia, na jina lililopimwa kiwandani huonekana limehama katikati.