Je, Wajua? Mtumiaji wa Mfano Huja Kabla ya Programu

Je, wajua kwamba wabunifu wengi wa programu za simu huanza kazi kwa kumbuni mtu? Mwaka 1983, Mmarekani Alan Cooper aliwahoji watumiaji kisha akaunda mtumiaji wa mfano kutokana na Kathy, mmoja wa aliowahoji. Alitembea kwenye uwanja wa gofu karibu na kwake, akijibizana na mtu huyo wa kubuni kuhusu programu aliyokuwa akiiandika.

Shungimbili, kisiwa kidogo wilayani Mafia, Tanzania, ni mahali pazuri pa kuona faida ya mtumiaji wa mfano. Kisiwa hiki ni eneo tengefu la bahari, uvuvi hudhibitiwa kisheria, na pia kina nyumba ya kifahari ya Thanda Island, ambayo wageni hukodi pamoja na kisiwa chote. Tuseme unabuni programu ya kuonyesha mipaka ya eneo hilo. Mgeni ana simu janja na intaneti, ramani yamtosha. Lakini nahodha wa mashua kutoka Kilindoni ana simu ya kitochi, mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umelowa, kusi inavuma. Huyu anahitaji ujumbe mfupi wa Kiswahili, au sauti, unaotaja miamba anayoijua. Askari wa doria naye aweze kuandika taarifa pasipo mtandao, iondoke akifika nchi kavu.

Wahusika hawa wasitungwe ofisini Dar es Salaam kwa kukisia. Huo ni upotevu wa fedha. Kabla ya kuchora kitufe cha kwanza, nenda Nyamisati, panda kivuko cha Mafia, ukawasikilize wavuvi dikoni.