Tunduma na wimbo usio na mwimbaji

Mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huuza chochote ambacho dereva wa lori atakihitaji njiani, na muziki umo. Malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia hupanga foleni mpakani hata baada ya kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019. Anayesubiri hujaziwa flashi kibandani: bongofleva, rumba ya Kikongo, kalindula ya Wazambia, vyote kwa mkupuo. Jina la mwimbaji huulizwa kwa nadra.

Soko la namna hiyo halina mlango wa kuzuia nyimbo za akili mnemba. Programu za Suno na Udio hutoa wimbo kamili, sauti na ala, muda mfupi baada ya kuandikiwa maelezo. Masikio nayo hayasaidii sana. Utafiti wa jukwaa la muziki la Deezer na kampuni ya Ipsos uliotolewa Novemba 2025 ulihusisha watu 9,000 katika nchi 8, na asilimia 97 walishindwa kutofautisha wimbo wa mashine na wa binadamu. Hata hivyo, asilimia 80 walitaka nyimbo hizo ziwekewe alama. Yaani hawaujui wimbo kwa kuusikia, ila wanataka kuambiwa.

Afrika haikuwemo kwenye utafiti huo, na nadhani hapa matokeo yangekuwa tofauti kidogo. Kiswahili cha mashine bado hukosea mkazo na kuparaza “ng’”. Kinyiha na Kinyamwanga havina maandishi ya kutosha kuifundisha mashine, kwa hiyo kwaya ya wilaya jirani ya Mbozi inayoimba kwa lugha ya nyumbani haijapata mshindani.

Anayeumia kwanza ni prodyuza wa matangazo. Mwenye duka la vipuri anayetaka wimbo wa kupigwa kwenye gari la spika hatafuti ufundi. Anataka jina la duka lisikike, kwa bei ndogo, leo jioni, na mashine inampa. Wachora mabango wanaijua hali hii, maana mashine za kuchapa mabango ziliwapitia mapema.

Unafuu huo una gharama yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Na. 7 ya 1999 inamtambua mtunzi kuwa mtu aliyebuni kazi. Marekani nako, Machi 2025, mahakama ya rufaa ilimkatalia mwanasayansi wa kompyuta Stephen Thaler hakimiliki ya picha aliyosema imetengenezwa na mashine pekee. Mwenye duka, basi, atapata taabu kumzuia jirani yake kuuchukua wimbo huohuo na kubadilisha jina tu.

Harusini mambo ni mengine. Mashine inaweza kuwataja bibi na bwana harusi, lakini shangazi hutunza mtu aliyesimama mbele yake, na noti humwangukia huyo.

Lakini tusijidanganye: msanii wa mkoa huu wa Songwe alikuwa akinyimwa fedha na vibanda vya flashi kabla mashine haijaja. Sasa kuna mfuko mwingine unaogawanywa. Kampuni ya muziki ya Universal ilipatana na Udio Oktoba 2025, na Warner ikapatana na Suno mwezi uliofuata, baada ya kuzishtaki kwa kutumia nyimbo zao bila ruhusa. Universal na Warner zilikuwa na mikataba, kumbukumbu na mawakili. Msanii wa Vwawa, mkoani humu, aliyeweka nyimbo zake mtandaoni bila kuzisajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ataanza kudai na karatasi gani?