Nyayo za Askari wa Farasi katika Madaftari ya Karne ya 19

Vitabu vya vita huwakumbuka majenerali kwa majina na askari wa kawaida kwa idadi, ingawa ni askari huyo aliyelisha farasi, akakesha kwenye zamu na kulala nyikani huku kichwa kakiegemeza kwenye tandiko. Hata hivyo, serikali iliyomlipa ilimwandika mara nyingi, na mtafiti mwenye subira anaweza kuyakusanya maandishi hayo yakawa wasifu wa mtu mmoja. Mfano unaofundisha sana ni wa askari Weusi wa Rejimenti ya 9 na ya 10 ya Wapandafarasi wa Marekani, wale Buffalo Soldiers ambao jina lao lilienea duniani kwa wimbo wa Bob Marley wa mwaka 1983.

Rejimenti hizo ziliundwa kwa sheria ya tarehe 28 Julai 1866, mwaka mmoja baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kumalizika, na wengi wa walioandikishwa mwanzoni walikuwa wamezaliwa utumwani. Kila rejimenti iligawanywa katika kombania 12, na askari alijifunga kutumikia miaka 5. Jambo la kwanza ambalo mtafiti hana budi kulijua ni kwamba jeshi la kudumu halikumwekea kila askari jalada lake la utumishi. Askari wa kujitolea waliopigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe walitengenezewa baadaye kadi zilizokusanya habari zao mahali pamoja, lakini askari wa jeshi la kudumu alibaki ametawanyika katika madaftari mbalimbali, na kazi ambayo makarani hawakuifanya imebaki kwa anayemtafuta.

Mahali pa kuanzia ni daftari la uandikishaji, ambalo katika Nyaraka za Taifa za Marekani linaanzia mwaka 1798 hadi 1914. Humo kila askari amepewa mstari mmoja unaoonyesha jina lake, siku na mahali alipoandikishwa, umri, mahali alipozaliwa, kazi yake ya awali, kimo, rangi ya macho, ya nywele na ya ngozi, kisha rejimenti na kombania aliyopelekwa. Safu ya mwisho hueleza utumishi ulivyokoma, kama ni kwa muda kwisha, kwa kifo, kwa ugonjwa au kwa kutoroka. Aliyejiandikisha tena ana mstari mwingine katika mwaka mwingine, na kwa hiyo asiyesoma mbele anaweza kudhani miaka 5 ndiyo utumishi wote, kumbe mtu huyo alikaa jeshini miaka 20.

Rejimenti na kombania zikishajulikana, huja zamu ya orodha za ukaguzi, yaani karatasi zilizojazwa kila baada ya miezi miwili, kombania nzima ikipangwa mstari na kuitwa jina kwa jina ili walipwe. Orodha hiyo haikusema tu nani yupo. Ilisema pia nani yuko hospitalini, nani kafungwa, nani katumwa kusindikiza gari la barua, na nani atakatwa mshahara kwa kupoteza kifaa cha serikali. Karani aliandika humo pia mwendo wa kombania na mapambano yake, na hapo ndipo historia kubwa inapokutana na mtu mdogo: kwa askari wa Rejimenti ya 9, orodha humpeleka kutoka ngome za Texas, ilikofika mwaka 1867, hadi New Mexico na vita vya mwaka 1879 na 1880 dhidi ya Victorio, kiongozi wa Waapache. Huko mtu aliyetoka utumwani alitumwa kuwafukuza wenyeji wa asili katika ardhi yao, na wasifu wa kweli haulifichi jambo hilo.

Kikwazo kikubwa ni jina. Huyu alitumia jina la ukoo la bwana wake wa zamani, yule akalikataa na kujichagulia jingine, na asiyejua kusoma aliweka alama ya msalaba huku karani akiandika alichosikia. Umri nao mara nyingi ulikuwa wa kukisia. Ndiyo maana mtafiti makini hategemei jina peke yake, bali hulinganisha kimo, mahali pa kuzaliwa na tarehe za kuandikishwa mpaka vikubaliane.

Karatasi zenye uhai zaidi ni za pensheni, ambayo askari aliidai kwa ulemavu alioupata kazini, au mjane wake akaidai baada yake. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa, na kwa kuwa ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria wala kupewa cheti, majirani na askari wenzake waliitwa kuapa kwamba wawili hao walijulikana kuwa mume na mke. Viapo hivyo vimehifadhi habari ambazo hakuna ofisa wa ngome aliyejali kuziandika: shamba alikozaliwa, ndugu waliouzwa, watoto waliofariki, maumivu ya mgongo yaliyoanza siku farasi alipomwangusha.

Uzito wa kazi hii huonekana zaidi mtu akitazama nyuma. Katika sensa ya mwaka 1850 na ya 1860, mtumwa aliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, na jina lake mwenyewe kwa kawaida halikuandikwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja waliokuwa watumwa kwa majina kama watu wengine. Kwa hiyo kijana aliyejiandikisha mwaka 1866 alikuwa na jina katika daftari la taifa miaka minne kabla ya sensa kumpa. Kimo na rangi ya macho viliandikwa ili atambulike akitoroka. Leo ndivyo vinavyowawezesha wajukuu wa wajukuu zake, ambao hawana picha yake hata moja, kujua alikuwa mtu wa umbo gani.