Misuli Ichezapo

Katika delta ya Rufiji, pale mto unapojigawa mikono mingi kabla ya kuifikia bahari, mkulima wa mpunga aliyeshinda na jembe la mkono, akapiga upondo mtumbwi wake baina ya mikoko, kisha akakesha juu ya dungu kuwafukuza viboko na nguruwe, na alfajiri akaanza kuamia ndege, si ajabu akijilaza jioni apate kupumzika akaona nyama ya kigimbi inarukaruka yenyewe chini ya ngozi, bila maumivu na bila kuamriwa. Huruka, hutulia, kesho huhamia kwenye kope au kidole gumba. Na hapo ndipo khofu inapoingia, mmoja akidhani amerogwa, na mwingine akidhani ni mwanzo wa kupooza.

Kwa wazee wengi wa pwani jambo hili lilikuwa khabari zaidi kuliko maradhi: kope la juu likicheza, utaonana na mgeni, la chini likicheza, utalia. Waarabu nao walikuwa na elimu nzima iitwayo ikhtilaji, yenye vitabu vilivyotaja kila kiungo na bishara yake. Lakini tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliweka jambo hilo hilo katika kitabu chake cha Kanuni miongoni mwa mambo ya mwili, akilinasibisha na upepo mzito ulionaswa ndani ya nyama. Upepo huo matabibu wa leo hawautaji tena. Hata hivyo naona njia yake ilikuwa njema, kwani aliitafuta sababu mwilini mwa mgonjwa asiitafute kwa jirani.

Sababu yenyewe ni hii. Kila msuli huamrishwa na mishipa ya fahamu itokayo kwenye uti wa mgongo au kwenye shina la ubongo, na kila uzi mmoja wa mishipa hiyo hutawala fungu zima la nyuzi za nyama. Uzi huo ukikereka, hupeleka amri ndogo ya umeme ambayo ubongo haukuituma, na fungu lile hujikaza mara moja kisha likalegea. Kinachoukera, aghalabu, ni uchovu, usingizi haba, kazi nzito, kahawa chungu ya barazani, chai ya rangi iliyokolea, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa baadhi ya vijana wa bodaboda ili wasisinzie njiani. Baadhi ya dawa, mathalan salbutamoli ya wenye pumu, huweza pia kuleta hali hii.

Na wasiwasi je? Huo ni sababu kubwa mno, nami nataka usidharauliwe. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, waliopoteza mpunga wao walibaki na fikra zisizolala; na mwili wa mtu asiyelala hutikisika hata akiwa ameketi. Tena wasiwasi hujizalia mwenziwe: mtu huuona msuli ukicheza, huogopa, huuchungulia usiku kucha, na kwa kukosa usingizi, msuli huo huzidi kucheza. Kwa mtu wa namna hii naliona jambo moja kuwa la faraja kuliko mitishamba: mwaka 1993 matabibu wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza khabari za watu 121 waliochezwa na misuli bila dalili nyingine, ambao walifuatiliwa kwa muda wa miaka 2 hadi 32, na hakuna hata mmoja aliyepata yale maradhi ya kudhoofisha misuli wanayoyakhofia watu.

Dawa ya kwanza, basi, ni usingizi, na baada yake ni kupunguza kahawa na chai. Anayependa kikombe cha moto jioni na achemshe mchaichai, usiokuwa na kafeini. Aliyetokwa na jasho shambani na anywe maji, na madafu yakipatikana ni bora. Kuchua kigimbi kwa mafuta ya nazi, au kukikanda kwa maji ya moto, huburudisha. Kwa upande wa chakula, mtu wa Kibiti anazo korosho, na gramu 100 zake zina takriban miligramu 290 za magnesiamu, zaidi ya nusu ya haja ya mtu mzima kwa siku. Mchicha na choroko nazo zinayo. Hata hivyo chakula hicho humfaa zaidi aliyepungukiwa na madini hayo, na vidonge vyake havijathibitika kumaliza hali hii. Mwenye maradhi ya figo asivimeze pasipo shauri la daktari.

Kipimo cha hatari ni nguvu. Msuli unaocheza ilhali mkono ungali unashika kasia sawasawa, hauna budi kuachwa utulie. Lakini mguu ukianza kuburuta, mkono ukidondosha vitu, nyama ikisinyaa, ulimi ukawa mzito au chakula kikapalia kila mara, sharti kwenda kwa daktari bila taraghani. Na aliyekuwa akipulizia dawa ya wadudu shambani, akaona misuli ikimcheza huku machozi, mate na jasho vikimtoka kwa wingi, asingoje asubuhi: na avue nguo zile, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali saa ile ile, na chupa ya dawa ichukuliwe ili tabibu aisome.